Vimeng'enya, homoni na majitaka: maswali tunayoulizwa mara kwa mara, Moshi na Arusha

Maswali haya kuhusu kuondoa homoni kwenye majitaka kwa kutumia vimeng'enya yamejikusanya yenyewe, mengine kwenye benchi la maabara, mengine pembeni mwa mabwawa ya majitaka ambako wanafunzi huja wakiwa wameziba pua na leso. Wengi huanza kwa kucheka. Homoni kwenye maji ya choo? Nimeyaacha maswali karibu kama yalivyoulizwa.

Homoni zinafikaje kwenye majitaka?

Tunazikojoa. Mwili wa mwanamke hutengeneza estrojeni, homoni ya kike, wa mwanaume pia kwa kiasi kidogo, na zikishamaliza kazi hutolewa nje. Mjamzito hutoa nyingi kupita wote, hasa ile iitwayo estrioli. Ng'ombe mwenye mimba naye hutoa estrojeni nyingi, na huku mlimani ambako ng'ombe anafugwa bandani nyuma ya nyumba, mvua ya masika ikishuka haibagui mkojo wa nani imeukuta njiani.

Kuna jambo hapa watu wengi hawalijui. Kabla ya kuitoa homoni, ini huifunga: huibandika kipande cha sukari au cha salfeti ili iyeyuke vizuri kwenye mkojo. Ikiwa imefungwa hivyo, haina nguvu. Lakini ikifika kwenye bomba la majitaka inawakuta bakteria wa kinyesi, na E. koli ana kimeng'enya chake (protini inayoharakisha kazi ya kemia, nitaieleza mbele) cha kukata kile kipande cha sukari. Homoni inafunguliwa, inakuwa hai tena. Kwa hiyo kabla hatujaomba kimeng'enya kitusaidie, kuna kingine kimeshatuharibia.

Kiasi chenyewe si kidogo mno? Kwa nini tuhangaike?

Ni kidogo kweli. Tunazungumzia nanogramu kwa lita. Nanogramu 5 kwa lita ni sawa na kuchukua gramu moja ya homoni, kiasi cha chumvi unayoibana kwa vidole, na kuigawa kwenye maboza 20,000 ya maji ya lita 10,000 kila moja.

Sasa sikiliza kilichotokea Kanada. Kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ontario kuna eneo la maziwa madogo yaliyotengwa kwa utafiti. Kwenye ziwa mojawapo, linalojulikana kwa namba tu, Ziwa 260, watafiti wakiongozwa na Karen Kidd walitia ethinilestradioli, ile estrojeni ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa majira matatu ya kiangazi, 2001 hadi 2003. Kiwango kilikuwa nanogramu 5 hadi 6 kwa lita. Samaki dume walianza kutengeneza protini ya kiini cha yai, kazi ya jike. Korodani zao zikaharibika, wengine wakaonekana na mayai ndani yake. Dagaa mmoja mdogo wa huko alikaribia kutoweka kabisa ziwani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007, na baada ya homoni kuacha kutiwa, samaki hao walirudi miaka iliyofuata.

Uingereza nako, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, samaki dume wenye mayai walikuwa wakipatikana mitoni, hasa chini ya mahali mitambo ya majitaka inapomwaga maji yake. Hakuna aliyetia kitu kwa makusudi.

Maji ya upande wetu huu yanaingia Kikuletwa na Ruvu, yanakusanyika Nyumba ya Mungu, kisha yanashika Pangani mpaka baharini. Perege wa Nyumba ya Mungu anauzwa sokoni Moshi kila siku. Ndiyo maana tunahangaika.

Kwa hiyo wa kulaumiwa ni wanawake wanaotumia vidonge?

Hapana, na swali hili naliulizwa na wanaume tu, sijui kwa nini.

Ethinilestradioli ya vidonge ni kali kwa samaki kuliko estrojeni za asili, na haiozi haraka. Kemia yake ilitengenezwa kwa makusudi ili ini lisiivunje upesi. Lakini kwa wingi, estrojeni nyingi zilizomo kwenye majitaka ni zile za asili zinazotoka kwa kila mtu. Na hapa Tanzania wanawake wengi wanatumia vipandikizi na sindano kuliko vidonge. Zile hazina ethinilestradioli. Zina homoni za jamii ya projesteroni, ambazo ni habari nyingine, nitaigusa mbele.

Ongeza pia vitu visivyo homoni ila vinajifanya homoni: bisfenoli A ya plastiki, na nonilfenoli inayotokana na baadhi ya sabuni za viwandani.

Kimeng'enya ni nini hasa? Naomba kwa lugha ya kawaida.

Njoo jikoni. Umeketi na ndizi mbichi za mtori. Ukimenya ndizi ya kwanza ni nyeupe. Ukifika ya kumi, ile ya kwanza imeshaanza kuwa kahawia, na vidole vyako pamoja na kisu vimepata weusi ambao sabuni haiutoi. Hakuna aliyetia rangi. Ndani ya ndizi kuna kimeng'enya chenye shaba. Ulipokata, kimekutana na oksijeni ya hewani na kimekamata kemikali za jamii ya fenoli zilizomo kwenye ndizi, kikaziunganisha moja kwa nyingine mpaka zikawa kitu kizito chenye rangi nyeusi. (Fenoli yenyewe katika ndizi ni dopamini, ile ile ya ubongoni. Ukitaka kumshangaza mwanafunzi wa kidato cha tatu, mwambie hilo.)

Mama anayejua kazi yake hutumbukiza ndizi kwenye maji mara baada ya kumenya, ili hewa isizifikie. Akiwa na ndimu anakamulia, na asidi inakipunguzia kimeng'enya nguvu. Akishachemsha, mchezo umekwisha, kwa sababu kimeng'enya ni protini na protini ikipikwa inaharibika.

Mambo yote matatu, hewa, uchachu na joto, ndiyo yale yale tunayogombana nayo kwenye majitaka.

Na hicho cha kuondoa homoni ni kipi?

Kinachozungumzwa zaidi ni lakesi. Ni ndugu wa kile cha ndizi: nacho kina shaba, atomu nne, nacho kinatumia oksijeni ya kawaida na kinachobaki kwenye oksijeni hiyo ni maji matupu. Kiligunduliwa mwaka 1883 na Mjapani Hikorokuro Yoshida kwenye utomvu wa mti unaotoa vanishi ya asili ya Kijapani. Baadaye ikajulikana kwamba mabingwa wa kukitengeneza ni fangasi wanaoozesha miti, wale wanaoacha gogo likiwa jeupe na laini kama sponji.

Fangasi hao wanahitaji lakesi kwa sababu mti umeshikwa na lignini, gundi ngumu iliyojaa fenoli. Estrojeni nayo, ukiitazama kwa umbo, ina pete nne, na pete ya kwanza ni fenoli. Lakesi haijui kama hii ni homoni ya binadamu au kipande cha mgunga. Imeona fenoli, inainyang'anya elektroni. Estrojeni iliyonyang'anywa haitulii. Inashikamana na mwenzake, wawili wanakuwa wanne, mpaka donge linakuwa zito na kuzama.

Wapo pia peroksidezi. Hao wanafanya kazi kwa kasi lakini wanadai haidrojeni peroksaidi, na hiyo inanunuliwa, inasafirishwa, na ikizidi inakiua kimeng'enya chenyewe. Ndiyo maana mimi ni mtu wa lakesi. Hewa haina bili.

Homoni inakuwa imeondoka kweli au imebadilishwa jina tu?

Swali zuri kuliko yote ya ukurasa huu. Imebadilishwa umbo. Homoni hufanya kazi kwa kuingia kwenye kipokezi cha seli, na donge la homoni mbili tatu zilizoshikamana haliingii vizuri kama ile moja. Lakini usiamini mashine inayokwambia tu kwamba estradioli, mojawapo ya estrojeni za asili, imekwisha. Inatakiwa kupima na nguvu iliyobaki ya maji yenyewe. Kuna kipimo kinachotumia hamira iliyopandikizwa kipokezi cha estrojeni cha binadamu: maji yakiwa bado na nguvu ya estrojeni, rangi inabadilika. Mtu akikuletea teknolojia hii, muulize kipimo hicho kilisema nini. Na muulize tope lililozama linapelekwa wapi.

Mabwawa ya majitaka ya Mabogini, hapa Moshi, hayatoshi?

Yanafanya kazi kubwa kuliko yanavyosifiwa. Majitaka yanakaa siku nyingi humo, yanapita bwawa moja hadi jingine, bakteria wanakula, mwani unatoa oksijeni, jua linapiga. Estrojeni za asili zinaliwa na bakteria wenye hewa ya kutosha, nyingine zinang'ang'ania tope na kuzama nalo. Ethinilestradioli ndiyo inayovumilia zaidi.

Tazama pia ukubwa wa kazi. Kanuni zetu za mwaka 2007 zinataka maji yanayotoka yawe na BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria hutumia kuozesha uchafu uliomo, isiyozidi miligramu 30 kwa lita. Miligramu 30 ni mara milioni sita ya nanogramu 5. Bwawa lilijengwa kupambana na mlima huo, na homoni ni kokoto pembeni yake. Bwawa lililojaa tope haliwezi hata mlima. Kwa hiyo mtu akiniuliza pesa ya kwanza iende wapi, nasema kwenye kutoa tope mabwawani na kuunganisha nyumba kwenye mtandao wa majitaka, halafu ndipo tuongee vimeng'enya. Najua wenzangu wa maabara hawalipendi jibu hili.

Tukiamua kuvitumia, tuviweke wapi? Tumwage tu bwawani?

La. Mchana mwani ukiwa kazini hunywa kaboni dayoksaidi na pH ya bwawa (kipimo cha uchachu: ikipanda, uchachu umepungua) hupanda, inaweza kupita 9. Lakesi nyingi za fangasi zinapenda uchachu, chini ya 6. Halafu bwawani kuna mabaki mengine ya mimea yenye fenoli, ambayo yatagombea kimeng'enya hicho hicho, na bakteria wataona protini yako kama chakula.

Wengine wanasema basi tuukamate mkojo kabla haujachanganyika. Nao una shida zake. Ukiwa mpya, homoni bado imefungwa, mara nyingi kwa kubandikwa pale pale kwenye fenoli, na lakesi haina pa kushika. Ukikaa, pH inapanda na harufu unaijua. Na chumvi yake, kloridi, inaipunguza lakesi nguvu.

Mimi naona mahali penye akili ni mtiririko mdogo unaojulikana, kwa mfano majitaka ya hospitali, baada ya tope kutulia kwenye tangi na kabla ya kuunganishwa na mtandao wa mji. Hapo unaweza kusimamia pH, hewa na muda.

Kimeng'enya kinaisha? Na gharama?

Chenyewe hakitumiki kama sabuni. Kimoja kinafanya kazi ile ile mara nyingi sana. Tatizo ni kwamba maji yanaondoka nacho. Kwa hiyo kinafungwa kwenye kitu: punje za aljineti ya mwani, kitosani ya maganda ya kamba, silika, au utando wa kuchujia. Kikishafungwa kinavumilia zaidi joto na pH, na unaweza kukitumia tena, ingawa kila mzunguko kinachoka kidogo.

Gharama ndiyo imekifanya kibaki kwenye maabara na mitambo ya majaribio. Nchi zilizoamua kuondoa mabaki haya kwa kiwango kikubwa, kama Uswisi kwa sheria iliyoanza mwaka 2016, zimechagua ozoni na mkaa maalumu wa kuchujia.

Unga na vidonge vya chooni vinavyouzwa mjini, si vimeng'enya? Vinaondoa homoni?

Haviondoi. Vile mara nyingi ni mchanganyiko wa bakteria na vimeng'enya vya kumeng'enya protini, mafuta na wanga. Havigusi homoni. Na hata ungepata lakesi safi ukaimwaga kwenye shimo la choo, ingekaa bure: lakesi inahitaji oksijeni, na shimoni hamna. Mwuzaji mmoja aliwahi kunihakikishia kwamba unga wake "unaua mpaka homoni". Nikamwomba anionyeshe lebo. Lebo ilikuwa na picha ya ua.

Shimo likijaa, ita gari la kunyonya.

Nalima uyoga mamama. Mabaki ya mifuko yangu yana kazi?

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndilo swali lililonifanya nianze kuandika.

Uyoga mamama ni katika wale fangasi waozesha miti. Unapochemsha masuke ya mahindi, mabua ya maharage au makapi ya miwa kwenye pipa, ukajaza kwenye mifuko na kupandikiza mbegu, ule utando mweupe unaosambaa ndio unaomwaga lakesi ili ufungue lignini. Ukishavuna mara tatu nne unatupa mfuko, lakini kimeng'enya bado kimo.

Mara ya kwanza kuliona hilo kwa macho, mama mmoja mkulima alileta mfuko umekunjamana, umeanza kuota ukungu wa kijani pembeni. Tukachota kiganja upande uliokuwa bado mweupe, tukaloweka kwenye maji baridi, tukakamua kwa kitambaa kama unavyokamua tui. Maji yakatoka rangi ya chai ya rangi. Tukayadondoshea kwenye kemikali ya kupimia lakesi, ambayo haina rangi. Ilikaa kimya muda wa kuhesabu kama ishirini, kisha ikaanza kuwa ya kijani, kijani cha bluu, ikakolea mpaka huoni upande wa pili wa chupa. Yule mama akasema, "Na mimi hii nilikuwa namwagia migomba."

Sasa upande wa pili. Ile rangi ya chai ni uchafu. Ukiloweka mabaki ya uyoga kwenye majitaka, unaondoa homoni kwa mkono mmoja na kuongeza BOD kwa mkono mwingine. Ndiyo maana njia inayoeleweka ni kukamua kimeng'enya, kukisafisha, kukifunga kwenye punje, kisha kutumia punje. Makapi ya miwa yapo Arusha Chini, kusini mwa Moshi, maganda ya kahawa yapo, wakulima wa uyoga wapo. Malighafi haitusumbui. Kinachotusumbua ni hatua ya kusafisha, ambayo inataka umeme wa uhakika na chumba cha baridi. Kwa sasa endelea kumwagia migomba, inapenda.

Arusha maji yana floridi. Inahusika?

Sana. Maji ya pande nyingi za Arusha na Arumeru yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano ya Mlima Meru, wengi tumeiona kwenye meno ya kahawia ya ndugu zetu, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Floridi hiyo hiyo hushika shaba ya lakesi na kuizuia. Inazuia kwa kiasi gani hutegemea lakesi imetoka kwa fangasi yupi na pH ni ngapi. Kwa hiyo tangi lililofanya vizuri Ulaya lisiletwe Arusha bila kujaribiwa kwa maji ya Arusha. Chemchemi za upande wa Kilimanjaro hazina tatizo hilo kwa kiwango hicho, na hapo Wachaga naomba msishangilie.

Homoni za vifaranga vya perege dume je?

Baadhi ya wanaozalisha vifaranga huwalisha methiltestosteroni, kwa kawaida miligramu 60 kwa kilo ya chakula, wiki tatu hadi nne, ili wote wawe dume. Testosteroni haina fenoli. Lakesi peke yake inaipita kama haijaiona. Ndivyo ilivyo pia kwa zile homoni za sindano na vipandikizi nilizotaja juu. Zinahitaji kemikali ya kati ambayo lakesi huichokoza, kisha yenyewe ikaivamia homoni, na baadhi ya kemikali hizo zina sumu yake. Mfugaji asimwage maji ya vifaranga moja kwa moja mtoni. Ayapitishe kwanza kwenye bwawa la kupumzikia lenye tope na mimea.

Kuchemsha maji kunaondoa homoni?

Hakuondoi. Kunaua vijidudu, na hiyo inatosha kuwa sababu ya kuchemsha.

Mpunga unaomwagiliwa kwa maji ya mabwawa, nile au nisile?

Wanaolima huko niliowaona wanaingia majarubani pekupeku, na mimi hofu yangu ya kwanza ni minyoo, si homoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka yai la mnyoo lisizidi moja kwa lita ya maji ya kumwagilia. Vaa buti, nawa, na usichukue maji kwenye mabwawa ya mwanzo. Wali unapikwa. Mboga za kachumbari ndizo zingenipa mawazo.

Kuna jaribio naweza kufanya nyumbani na watoto?

Lipo. Chukua ndizi mbichi moja, ikate vipande vitatu. Cha kwanza kiache kwenye sahani. Cha pili kikamulie ndimu pande zote. Cha tatu kitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika tano, kisha kitoe. Waambie watoto waandike saa na rangi kila baada ya dakika kumi. Kabla hujaanza paka mikono mafuta ya kula, utomvu usishike, na uwe na ndizi nyingine za kutosha, maana watadai kurudia.